Vidonge vya chunusi na homa inayodhaniwa kuwa malaria

KIJANA wa Bondo akipatwa na homa na maumivu ya viungo, jambo la kwanza linalowajia jamaa zake ni malaria. Si ajabu, kwani eneo la Ziwa Victoria ndilo linaloathiriwa zaidi na ugonjwa huo nchini Kenya. Hata hivyo, iwapo kijana huyo amekuwa akimeza vidonge vya chunusi kwa miezi mingi, kuna swali jingine linalostahili kuulizwa.

Chunusi hutokea mafuta ya ngozi yanapoziba vitundu vya vinyweleo, kisha bakteria wakachochea uvimbe. Zikiwa kali, madaktari huagiza viuavijasumu vya jamii ya tetrasaiklini, hasa doksisaiklini na minosaiklini.

Minosaiklini ndiyo iliyozua wasiwasi. Kwa watu wachache, dawa hii huufanya mwili ujishambulie wenyewe, yaani kinga iliyokusudiwa kupambana na viini hugeukia viungo, ngozi au ini. Hali hiyo hufanana na lupasi, ugonjwa unaowapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Dalili zake ni homa, uchovu, vipele, na maumivu au uvimbe wa viungo. Ini likiathirika, macho huwa ya manjano. Mara nyingi dalili hizi hazitokei mapema, bali baada ya dawa kutumiwa kwa mwaka mmoja au zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichunguza kumbukumbu za wagonjwa 97,694 wa chunusi nchini Uingereza. Ilibainika kuwa waliotumia minosaiklini walipatwa na lupasi zaidi ya mara mbili ikilinganishwa na wasioitumia. Doksisaiklini haikuonyesha uhusiano huo. Hata hivyo, idadi ya waliougua ilikuwa ndogo, hivyo walio wengi hutumia minosaiklini bila kupata lupasi.

Dawa nyingine, aizotretinoini, iliwahi kuhusishwa na uvimbe wa matumbo, lakini tafiti kubwa zilizofuata hazikuthibitisha dai hilo. Hatari yake iliyo wazi ni kumlemaza mtoto aliye tumboni, na kwa hiyo mwanamke mjamzito hapaswi kuitumia kamwe.

Tatizo katika maeneo ya ziwa ni kwamba dalili za madhara haya ni zile zile ambazo watu wamezoea kuzitibu kama malaria. Mgonjwa anaweza kumeza dawa za malaria mara kadhaa huku akiendelea na vidonge vinavyomdhuru. Ndiyo sababu ni muhimu kupimwa damu kabla ya kutibiwa. Kipimo kisipoonyesha malaria, mgonjwa amweleze mhudumu wa afya kila dawa anayotumia, zikiwemo zile za chunusi alizonunua dukani bila cheti cha daktari. Ikibidi, atapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga iliyoko Kisumu.

Habari njema ni kwamba lupasi inayoletwa na dawa kwa kawaida hutoweka mgonjwa anapoacha kuitumia. Wataalamu hushauri viuavijasumu vya chunusi vitumiwe kwa takriban miezi mitatu, kisha daktari aamue upya. Anayeendelea na minosaiklini kupita miezi sita anapaswa kuchunguzwa kila baada ya miezi mitatu.