Tabaka: Mji mtulivu ulioipa Kisii jina kwa mawe ya sabuni

Mgeni anayefika Tabaka kwa mara ya kwanza huenda akadhani amepotea njia. Ni mji mdogo wa mashambani, umezungukwa na migomba na mahindi, wala hauna hoteli za kifahari.

Hata hivyo, ipo sauti isiyokosa kusikika mchana kutwa: ya panga na patasi zikichonga mawe.

Tabaka umo katika eneo bunge la Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Kutoka mjini Kisii, msafiri hufuata barabara ya Migori, akapita Suneka, kisha akaiacha barabara kuu sokoni Nyachenge. Njia ikiwa njema, safari hiyo haimalizi saa moja.

Mawe ya sabuni yana madini ya talki, ndiyo maana ni laini hata kukwaruzika kwa ukucha. Yako meupe, ya waridi na ya kijivu. Zamani Abagusii walichonga viko, mabakuli na mbao za kuchezea bao. Siku hizi huchonga sahani, ndovu na vifaru vinavyouzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Msanii Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ndiye aliyechonga sanamu ya Ndege wa Amani iliyoko makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Kazi hupitia mikono mingi. Wanaume huchimba kwa mtaimbo na sururu, mafundi huchonga, na wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka kinyago king'ae.

Ni katika machimbo ambako mgeni huona gharama isiyoandikwa kwenye bei. Mashimo hayo ni marefu na kuta zake hazina nguzo. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huzilainisha, na maporomoko yamewahi kuwaua wachimbaji. Vumbi nalo hudhuru mapafu ya wachongaji, ambao wengi hawana barakoa.

Juu ya hayo, mafundi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba faida huishia kwa madalali. Kwa hivyo, anayenunua kinyago kutoka kwa aliyekichonga humfaa fundi kuliko anayekinunua jijini.

Mgeni anashauriwa kuzuru Januari au Februari, majira ya ukavu, aandamane na mwenyeji, na asishuke shimoni. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na afunge vinyago kwa magazeti mengi kwani huvunjika upesi. Malazi yanapatikana kwa wingi mjini Kisii.

Ajihadhari pia na lugha. Kwa Ekegusii, "tata" ni baba mzazi, ilhali "baba" ni mama. Anayemwamkia mzee kwa jina la "baba" huenda akaangusha kicheko. Salamu ya asubuhi ni "bwakire buya".

Mwenye siku ya ziada anaweza kurudi Kisii, kisha akapanda ukingo wa Manga katika kaunti jirani ya Nyamira. Anga ikiwa nyeupe, kutoka huko juu jicho hufika hadi Ziwa Victoria.

Lakini atakachokumbuka zaidi, kila akitazama sahani yake ya jiwe mezani, ni shimo lilikotoka na mikono iliyolisugua.