Vita ya 1993 ilianza lini?



Kazi ya kuandika kumbukumbu za vita inakwama kwenye ulizo moja dogo: ilianza lini? Ukikaa na mzee Muhunde wa Masisi, atakurudisha 1937, wakati Wabeleji walianza kuhamisha watu kutoka Rwanda kwa mpango ulioitwa MIB, na udongo wa Gishari ukapewa wageni. Mzee Muhutu wa kilima cha pili atajibu kwamba baba yake aliletwa na serikali, akalima, akalipa kodi. Kwake vita ni sheria ya 1981, iliyomuondolea uraia. Mututsi atapita juu ya yote hayo aanze na Mokoto, Mei 1996, watu walipouawa kwenye monasteri walikokimbilia. Kila mmoja anasema kweli juu ya mwaka wake.

Tarehe moja inajulikana vizuri: siku ya posho, 20 Machi 1993, soko ya Ntoto, Walikale. Waliouawa ni Wahutu Wanyarwanda. Waliowaua ni vijana wenye silaha, Wanyanga na Wahunde. Katika siku chache vita ikapanda Masisi, na huko makundi ya Wahutu nayo yakashambulia vijiji vya Wahunde. Maelfu walikufa, karibu watu 250 000 wakahama. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010 inaanza hesabu yake mwezi huo huo wa Machi. Ni ripoti ya lazima, lakini ilitafuta makosa makubwa. Nani alimficha jirani, nani alikula mbuzi ya nani, nani alivuna maharagi ambayo hakupanda, hiyo haikuwa kazi yake. Ni yetu.

Na ni kazi ya hatari, tusidanganyane. Siye tuliorudi tunaishi kando ya watu tunaowataja. Mwingine analima leo kwenye shamba ambalo mwenzake anadai. Karatasi yenye jina inaweza kutoka mikononi mwetu ikaishia tribinali, ao pabaya zaidi. Ndiyo maana jina la anayeshtakiwa linaandikwa pembeni, na kufungiwa. Wanaosikiliza wawe wawili, wa makabila mbalimbali, na kila mtu aseme kwa luga yake: Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo. Kiswahili kitafuata.

Wafadhili wengine wanaomba tuunganishe yote kuwa historia moja fupi, ya kusomeka haraka. Kwa heshima, hapana. Ukiziunganisha, moja itameza zingine, na wenye kumezwa hawatarudi kwenye mkutano wetu.

Kwa hiyo tumeacha kuuliza nani alianza. Kwa waliokuwa Ntoto, ulizo la kwanza ni hili: ile posho ulikwenda sokoni kuuza nini, ao kununua nini, na nani alikuwa kando yako?