Shinikizo: Neno Lililopoteza Chombo Chake

Mwanafunzi wa leo akiulizwa maana ya neno shinikizo, hujibu bila kusita: ni shinikizo la damu, au ni shinikizo la kisiasa. Majibu hayo ni sahihi, lakini hayakamiliki. Katika Kiswahili cha wazee wetu wa pwani, shinikizo lilikuwa kwanza chombo cha kazi, yaani mtambo wa kukamulia mafuta ya ufuta au maji ya miwa. Karibu nalo kuna kitenzi kushindika, na kinu cha kushindikia mafuta kilikuwa kitu cha kawaida katika miji ya Waswahili. Watafsiri wa Biblia walipohitaji jina la mtambo wa kukamulia zabibu, hawakulazimika kukopa neno kwa wageni. Walilichukua hilo hilo la shinikizo, nalo limo katika Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952. Basi neno lilikuwepo nasi kabla zabibu hazijaota katika mashamba yetu. Ajabu ni kwamba sasa zabibu tunazo, na neno tunalo, lakini wengi wetu chombo chenyewe hatukijui. Katika makala haya tunakusudia kukirudisha chombo hicho mbele ya macho ya msomaji, kwa sababu tunaamini kwamba historia yake inahusu haki ya mkulima kuliko inavyohusu kinywaji.

Na tuanzie Galula. Msafiri atokaye Mbalizi, mkoani Mbeya, akielekea Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, huteremka kutoka nyanda za juu zenye baridi na kuingia katika bonde la joto la mto Songwe. Huu si ule Songwe uingiao Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wetu na Malawi. Huu wetu huelekea kaskazini na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Hapo ndipo ilipo Galula, ambayo zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Chunya, na tangu mwaka 2016 imo katika mkoa mpya wa Songwe. Ni nchi ya mpunga, mahindi na ufuta. Ni nchi pia ya misheni kongwe ya Kikatoliki, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe tangu zama za utawala wa Wadachi. Mambo hayo mawili, yaani ufuta na misheni, ndiyo yaliyotufanya tuichague Galula kuwa mlango wa mazungumzo yetu. Ufuta ni mbegu iliyotupa neno shinikizo. Misheni ni nyumba isiyoweza kukosa divai.

Kwanza, tusidhani kwamba maarifa ya kukamua yaliletwa na wageni. Mama wa pwani akikuna nazi huitia katika kifumbu, yaani kijifuko kilichosukwa kwa ukindu, akakinyonga kwa mikono miwili hadi tui likatoka na machicha yakabaki. Wachoraji wa Misri ya kale walichora katika makaburi ya wakubwa wao watu wakikamua zabibu kwa njia hiyo hiyo: mfuko umejazwa matunda, umefungwa miti kwenye ncha zake, na watu wanaunyonga kwa nguvu huku maji yakitiririka chomboni. Ukubwa umetofautiana, lakini akili ni moja. Huko Lamu, Mombasa na Unguja palikuwa na vinu vya ufuta vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni, akizunguka kutwa pale pale mpaka mafuta yajikusanye. Huko Kagera nako, watengenezaji wa rubisi huvunda ndizi, kisha huzikanyaga au kuzikanda pamoja na majani makavu katika mtumbwi wa mti. Majani hushika nyama ya tunda, na maji yake hutoka safi. Hayo yote ni mashinikizo, ijapokuwa hayakuitwa hivyo.

Mtambo wa zabibu nao una safari yake. Wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua katika pango la Areni, nchini Armenia, mahali pa kukanyagia zabibu palipotumika miaka ipatayo 6,000 iliyopita. Hapo chombo kilikuwa miguu ya binadamu. Baadaye Warumi walitumia gogo refu lililokandamizwa upande mmoja, nalo likalibana rundo la matunda kwa uzito wake. Katika karne ya kwanza ya Masihia, mwandishi Plinius, aliyekufa mwaka 79, alieleza habari za mitambo mipya ya parafujo iliyokuwa ikitumika katika siku zake. Hilo lilikuwa badiliko kubwa. Parafujo humwezesha mtu mmoja, kwa kuuzungusha mpini taratibu, kutoa nguvu ambayo bila hiyo ingehitaji kundi la watu. Anachopoteza ni mwendo. Anachopata ni uzito. Inafaa kukumbuka kwamba Johannes Gutenberg wa Mainz, alipotengeneza mtambo wake wa kupiga chapa vitabu yapata mwaka 1450, alitumia parafujo ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kitabu anachokishika mwanafunzi na divai ya mezani ni ndugu wa tumbo moja.

Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu za safari hiyo. Parafujo ni neno tulilolipata kwa Wareno, na mvinyo vilevile. Zabibu tumelipata kwa Waarabu, na kwao neno hilo lina maana ya tunda lililokaushwa. Hapa pana ushahidi mdogo wa historia: watu wa pwani waliifahamu zabibu kavu, iliyoletwa majahazini katika makanda, kabla ya kuiona ikining'inia mbichi katika mzabibu. Tulilijua tunda likiwa limekwisha kukamilika mikononi mwa wengine.

Sasa turudi kwenye misheni. Sheria ya Kanisa Katoliki huagiza kwamba divai ya Misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika, wala isichanganywe na kitu kigeni, isipokuwa tone la maji wakati wa ibada. Togwa haifai, ulanzi haufai, wala maji ya muwa hayafai. Mapadri Weupe, ambao shirika lao liliundwa na Kadinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walikuwa na mashamba ya mizabibu yao wenyewe katika Algeria. Lakini padri aliyepangwa bonde la Songwe alikuwa mbali na mashamba hayo na mbali na bahari. Reli ya TAZARA, iliyofungua njia ya garimoshi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 tu. Kabla ya hapo, kila chupa ilikuwa mgeni aliyesafiri sana. Ndiyo maana popote ambapo hewa na udongo viliruhusu, wamisionari walijaribu kupanda mizabibu karibu na nyumba zao.

Katika nchi yetu jaribio lililozaa matunda makubwa ni la Ugogo. Katika miaka ya 1950 mapadri wa Kiitalia waliistawisha mizabibu huko Bihawana, nje ya mji wa Dodoma. Nchi ile, ambayo wengi waliihesabu kuwa nchi ya njaa kwa sababu ya uchache wa mvua, ikaonekana kuwa na kipawa kisichotazamiwa. Ukavu unaoliua hindi huukinga mzabibu na magonjwa ya ukungu, na jua lisilokoma huliongezea tunda sukari. Zaidi ya hayo, mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma haulali, na mkulima akiupogoa kwa wakati wake huvuna mara mbili. Baada ya Uhuru kilimo hicho kilitoka katika ua wa misheni kikaingia vijijini, na kituo cha Makutupora kikawa mahali pa utafiti wa mizabibu. Kiwanda cha umma, DOWICO, kilianzishwa ili kununua na kusindika mazao ya wakulima.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Kiwanda hicho hakikudumu, na wakulima waliokuwa wamekitegemea wakabaki na matunda wasiyo na pa kuyapeleka. Zabibu si mtama. Mtama hungoja ghalani mpaka bei ipande. Zabibu ikishaiva haimngoji mtu. Katika siku chache hunyauka, hupasuka, nyuki na nyigu huila, na mnunuzi ajuaye hivyo hana haraka ya kupandisha bei. Mkulima asiye na shinikizo huuza kwa hofu. Mwenye shinikizo na mapipa safi anaweza kuyageuza matunda hayo kuwa mchuzi wa zabibu, kama watu wa Dodoma wanavyouita, na mchuzi uliohifadhiwa vema unampa nafasi ya kujadiliana. Tofauti baina ya watu hao wawili si bidii shambani, maana wote wametoka jasho lile lile. Tofauti ni parafujo moja na kapu la mbao.

Chombo chenyewe, katika umbo linalofaa nyumba au kikundi kidogo, si kitu cha kutisha. Chini kuna sinia pana lenye mdomo. Juu yake husimamishwa kapu la papi za mbao ngumu, zilizopishana kidogo na kufungwa kwa pete za chuma. Katikati hupita parafujo nene, na juu ya matunda huwekwa kifuniko cha mbao ambacho hukandamizwa na kichwa chenye mpini. Zabibu huondolewa vikonyo na kupondwa kwanza, kwa maana tunda zima huteleza na kukataa kutoa maji. Kwa divai nyeupe, matunda hukamuliwa mara baada ya kupondwa, na maji yake ndiyo huachwa yachachuke. Kwa divai nyekundu, maganda huachwa ndani ya maji yanayochachuka kwa muda wa juma moja hivi, yakizamishwa mara mbili au tatu kila siku, kwa sababu rangi imo katika ganda. Kisha ndipo hukamuliwa. Kilo 100 za zabibu hutoa kwa kawaida lita 60 hadi 70.

Kosa la mwanafunzi wa kazi hii ni pupa. Akiona maji yamepungua, huning'inia mpinini kwa nguvu zake zote. Hapo kokwa huvunjika na kutoa uchungu, pengine papi nazo hukatika. Fundi huzungusha kidogo, akasimama, akangoja maji yatafute njia yao, ndipo akazungusha tena. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na katika shinikizo usemi huo ni kanuni ya kazi. Chuma kitupu kisiguse maji ya zabibu, kwani ukali wake hukila na kuiharibu ladha. Vyombo vyote vioshwe kabla ya makapi kukauka. Wala chombo chenye maji yanayochachuka kisizibwe kabisa, maana hewa inayotoka ikikosa njia hukipasua. Makapi hurudi shambani kuwa mbolea.

Tunajua kwamba wapo wasomaji wengi ambao dini au hiari yao imewaepusha na vileo, nasi tunawaheshimu. Sheria ya nchi nayo ina masharti yake kwa wauzao vileo, na mtoto wa shule hana sehemu katika unywaji. Lakini shinikizo si mali ya ulevi. Katikati ya miaka ya 1980, huko Arusha, fundi wa Kimarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono ya kukamulia mafuta ya alizeti, yenye mpini mrefu unaosukuma bomba ndani ya tundu. Mashine hiyo ilitengenezwa na mafundi wa hapa hapa, ikaenea vijijini, na ikatoka nje ya mipaka yetu kwenda nchi nyingine za Afrika. Mwanakijiji aliyekuwa akiuza gunia la mbegu na kununua mafuta dukani aliweza sasa kuuza mafuta, na mashudu akawapa mifugo wake.

Hilo linaturudisha Galula. Mkulima wa bonde la Songwe anapopakia magunia ya ufuta garini, hupakia pamoja nayo kazi ya kukamua, faida ya kukamua, na mashudu. Aliyekaa Ugogo akiuza zabibu mbichi kwa bei ya hofu ni ndugu yake kabisa, ijapokuwa hawajaonana. Wazee wa pwani walioketi kando ya kinu cha ngamia hawakuwa matajiri kuliko wao, lakini walijua jambo moja, kwamba ufuta hauna bei yake kamili mpaka ushindikwe.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wasiliache neno hili libaki la daktari na la mwanasiasa peke yao. Somo la nguvu na eneo, la wenzo na parafujo, linaweza kufundishwa kwa kifumbu na nazi moja, au kwa shinikizo dogo lililochongwa na seremala wa kijiji na kujaribiwa kwa machungwa. Mwanafunzi atakayeona kwa macho yake maji yakitiririka pale anapouzungusha mpini hatalisahau neno hilo, na huenda siku moja akawauliza wazazi wake kwa nini ufuta wao unasafiri ukiwa mzima.