Kishale Kinaposimama Pasipo na Mstari

Charles Bachman alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1973, mhadhara wake ulimfananisha mwandishi wa programu na nahodha. Alikuwa na sababu. IDS, mfumo wa hifadhidata alioubuni katika kampuni ya General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulimtaka mtu atembee ndani ya data kutoka rekodi hadi rekodi, akijua kila wakati amesimama wapi. IMS ya IBM, iliyozaliwa kwa ajili ya mradi wa Apollo wa kwenda mwezini, nayo ilisomwa hivyohivyo: niletee inayofuata, niletee inayofuata tena.

Edgar Codd, naye wa IBM, alikuwa ameshachapisha mwaka 1970 makala iliyotaka safari hizo zikome. Mtumiaji aseme anachokitaka, mashine itafute njia yenyewe, na jibu lije likiwa kundi zima la mistari ambayo mpangilio wake hauna maana yoyote.

Codd alishinda, lakini ushindi wake ulikuwa na pengo. Lugha zilizokuwa zikiandikiwa programu za ofisini, kama COBOL na PL/I, hazikuwa na namna ya kupokea kundi. Zilijua kushika rekodi moja kwa wakati. Watafiti wa System R, mradi wa IBM wa kulijaribu wazo la Codd, huko San Jose, California, walilazimika kuziba pengo hilo. Walichokitumia ni kishale: si kile kinachomemeteka kwenye skrini, bali alama ya ndani inayokaa juu ya mstari mmoja wa jibu, mfano wa kidole cha karani juu ya daftari, na kusogea kila programu inapoagiza. Nahodha wa Bachman akawa amerudi kwa mlango wa nyuma.

Mwanzoni kishale kilijua njia moja tu. Kiwango cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, cha mwaka 1986 kilikiruhusu kwenda mbele, basi. Kile cha 1992 ndicho kilichoongeza amri za kurudi nyuma, kwenda mwanzo, kwenda mwisho na kuruka hadi mstari wenye namba fulani.

Mzigo wa amri hizo uliwaangukia waandishi wa draiva, yaani programu za kati zinazopokea maagizo ya programu ya mtumiaji na kuyapeleka kwa seva ya hifadhidata. Microsoft ilitoa ODBC, kanuni za draiva hizo, mwaka 1992. JDBC, kanuni za namna hiyo za lugha ya Java, ilipoingia mwaka 1997 ilikuwa na hatua ya mbele peke yake. Toleo la pili, la mwaka 1998, likaleta miruko yote. Kuanzia hapo, sehemu kubwa ya ugumu ilihamia kwenye swali linaloonekana dogo: kishale kiko wapi wakati hakiko juu ya mstari wowote?

Sehemu za namna hiyo ni mbili, kabla ya mstari wa kwanza na baada ya wa mwisho, na kila moja ina sheria zake. Katika JDBC, anayeruka kupita mwisho huachwa baada ya mstari wa mwisho, na hatua moja ya kurudi humweka juu ya mstari huo wa mwisho. Ruka hadi namba 0 na utakuwa kabla ya wa kwanza. Namba hasi huhesabiwa kutoka mwisho: -1 ni mstari wa mwisho, -2 ni ule unaoutangulia. Jibu likiwa tupu, ukiuliza kama kishale kiko kabla ya mstari wa kwanza utaambiwa hapana, ingawa hakijasogezwa hata kidogo.

ODBC ina mtego mkali zaidi kwa sababu husoma mistari kwa mafungu. Chukua fungu la mistari 10 linaloanzia mstari wa 6, kisha programu iombe fungu lililotangulia. Sita ukitoa kumi ni -4, na mstari wa namba hiyo haupo. ODBC inaagiza fungu jipya lianzie mstari wa 1, pamoja na onyo lenye namba 01S06. Draiva ikiikabidhi ile -4 kwa amri ya kuruka, mtumiaji atapelekwa kwenye mstari wa nne kutoka mwisho. Hesabu ni sahihi, mahali ni pengine kabisa, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomstua.

Hata hifadhidata zenyewe zilichelewa kunyooka. Matoleo ya zamani ya PostgreSQL yaliichukua amri ya FETCH 0 ("leta 0") kuwa ombi la mistari yote iliyobaki, na tabia hiyo ilirekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili ifuate kiwango. Waliotunga kanuni za hifadhidata za lugha ya Python, PEP 249, walikwenda njia nyingine: kishale kikitoka nje ya jibu, litolewe kosa, na mahali kilipo pasijulikane, ingawa ingependeza, waliongeza, kisisogee kabisa. Uamuzi huo ni dhaifu. Msimbo unaopita salama kwenye draiva moja unaweza kupotea kwenye nyingine, na zote mbili zikawa zimetii kanuni.

Gharama nayo ina sehemu yake. Draiva ya MySQL kwa Java, isipoelekezwa vingine, hupakia jibu lote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kusogea huwa rahisi, lakini jibu kubwa laweza kuimaliza kumbukumbu hiyo. Nyaraka za PostgreSQL zinakiri kwamba kuruka hadi mstari fulani hakuna kasi zaidi kuliko kutembea, kwa kuwa seva hupitia mistari yote ya katikati. Na namba hasi ni mbaya zaidi, kwani jibu husomwa hadi mwisho kwanza, kisha ndipo kurudi nyuma kunapoanza.

Anayetunza draiva leo, basi, asianzie majaribio yake kwenye jedwali lililojaa. Aanze na jibu lisilo na mstari hata mmoja, kisha lenye mstari mmoja, aruke kupita mwisho na kurudi, na kila jawabu alilolipata aliandike kwenye nyaraka za draiva yake.