Vizalishi vya Msimbo katika Programu za Simu

Skripti zinazoandika msimbo zilikuwapo muda mrefu kabla ya simu janja. Yacc ya Stephen Johnson, iliyotoka Bell Labs nchini Marekani katika miaka ya 1970, ilisoma kanuni za sarufi na kutoa msimbo wa C wa kuchanganua maandishi yanayoifuata. Kwenye simu kazi ikawa ya kawaida zaidi: kumwondolea mtengenezaji programu mistari ileile anayoiandika kila siku.

Android ilipoingia sokoni mwaka 2008 tayari ilikuja na kizalishi chake. Zana ya aapt ilipitia picha, maneno na michoro ya skrini, ikakipa kila kimoja namba, kisha ikaziorodhesha namba hizo katika faili la R.java. Yaliyobaki yaliachiwa mkono. Kitufe kimoja kilihitaji mstari wa kukitangaza na mwingine wa kukitafuta kwa findViewById. Skrini yenye vitu ishirini ikabeba mistari arobaini isiyosema lolote kuhusu kazi ya programu yenyewe. Maktaba ya RoboGuice ilijaribu kuifuta kwa kuyachunguza madarasa wakati programu inatumika, lakini uchunguzi huo ulizielemea simu za wakati ule. Njia iliyoshinda ilitoka katika Java 6 ya mwaka 2006: alama zilizowekwa kwenye msimbo husomwa unapopita kwenye kompaila, na madarasa mapya huandikwa hapohapo. Butter Knife ya Jake Wharton iliitumia kwa vitufe, na Dagger 2 ya Google kwa kuunganisha sehemu za programu. Mzigo ulimtoka mwenye simu ukamwendea mtengenezaji, ambaye sasa alisubiri zaidi kila alipojenga programu yake.

Upande wa Apple, mogenerator ya Jonathan Rentzsch ilikabili tatizo ambalo skripti nyingi hulikwepa: mtu akirekebisha faili lililoandikwa na mashine, skripti ikiendeshwa tena, marekebisho hufutika. Kwa kila aina ya data katika Core Data, mfumo wa Apple wa kuhifadhi data, ilitoa madarasa mawili. La kwanza, lenye jina linaloanza na kistari cha chini, ni la mashine na huandikwa upya kila mara. La pili hurithi la kwanza, huandikwa mara moja tu, kisha haliguswi tena ila na binadamu. Pengine hili ndilo wazo bora kuliko yote katika historia hii, ingawa ni rahisi kiasi hicho.

Baadaye lugha zenyewe zilizimeza kazi hizo. Kotlin, iliyokubaliwa rasmi na Google kwa Android mwaka 2017, ina madarasa ya data yanayojipatia ulinganisho na unakili. Swift 4 ya mwaka huohuo ilileta Codable, na usomaji wa JSON ukawa kazi ya kompaila. Kwa vitufe, zana ya Google ya View Binding ilipotoka mwaka 2020, Butter Knife ilistaafishwa.

Dart, lugha ya Flutter, haikufika huko. Flutter huondoa msimbo usiotumika ili programu iwe nyepesi, kwa hiyo hairuhusu madarasa kuchunguzwa programu ikiendelea. Ndiyo maana json_serializable huandika mafaili yanayoishia na .g.dart. Makro, yaani msimbo unaozalisha msimbo ndani ya lugha yenyewe, zilikusudiwa kuchukua nafasi hiyo, lakini Januari 2025 timu ya Dart ilitangaza kuusitisha mradi, kwa kuwa zilihatarisha kasi ya kuonyesha mabadiliko papo hapo. Watengenezaji wa Flutter wakaendelea na build_runner, zana inayoendesha vizalishi kama json_serializable.