Kichomi na Njia za Kukitambua

Katika pwani ya Bagamoyo maradhi ya mapafu yana jina la kale: kichomi. Jina hilo latokana na kuchoma, nalo lataja lile alisikialo mgonjwa ubavuni avutapo pumzi, wala si lile alionalo tabibu. Tofauti hiyo si ndogo, kwani mtoto wa miezi sita hana maneno ya kueleza limchomalo.

Ushahidi wa kwanza uliotafutwa na matabibu wa Ulaya ulikuwa wa sikio. Mwaka 1761 Auenbrugger wa Vienna alieleza namna ya kugonga kifua kwa vidole, kama mtu agongavyo pipa apate kujua limejaa au la. Mwaka 1816 Laennec, Mfaransa, alikunja karatasi ikawa bomba la kusikilizia. Kisha, mwaka 1895, eksirei ya Röntgen iliwapa jicho. Lakini jicho hilo lilidai umeme, chumba na fundi, basi likakaa hospitalini. Zahanati za vijiji kama Makurunge, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, hazikujengwa kwa ajili yake.

Kilichoifaa zahanati kilikuwa saa. Baada ya kazi ya Frank Shann huko Papua New Guinea katika miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani lilifundisha kwamba mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima: zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, adhaniwe kuwa na nimonia, apewe dawa. Rufiji, iliyo katika mkoa huo huo wa Pwani, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza nchini kuufuata mpango wenye hesabu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta vifo vya watoto wadogo huko na Morogoro Vijijini vikiwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko Kilombero na Ulanga, ingawa mpango ulikuwa na mengi zaidi ya kuhesabu pumzi.

Hata hivyo hesabu hiyo ni butu. Homa ya malaria nayo huharakisha pumzi, na pwani haikosi malaria.

Hapo ndipo ultrasaundi ifaapo. Zamani ilidhaniwa haina kazi kifuani, kwa kuwa hewa huirudisha sauti. Lichtenstein wa Ufaransa aligeuza kasoro hiyo kuwa dalili: pafu lililojaa ugonjwa hupoteza hewa, sauti hupenya, na pafu huonekana kama ini. Mwaka 2008 alieleza wagonjwa 260 walioshindwa kupumua, na njia yake ilipata jibu sahihi kwa asilimia 90.5. Wale, lakini, walikuwa wagonjwa mahututi wa hospitali kubwa, mikononi mwa mabingwa. Leo chombo chaweza kutiwa mfukoni. Ujuzi wa kukisoma hautiwi mfukoni kwa wepisi huo. Wala hakibainishi kwa yakini virusi na bakteria, na mwenye kikohozi cha majuma mawili bado hupimwa makohozi. Kwa tabibu wa zahanati swali hubaki lile lile: mtoto huyu apewe amoksilini arudi nyumbani, au apelekwe Bagamoyo kabla ya usiku?