Gidoni ya FN inatafutwa wapi?

Leo tuache kidogo wafalme na mikataba, tuongee juu ya kipande cha bomba kilichopindwa. Tuseme mtu amerithi pikipiki ya babu yake. Kwenye tangi iko alama ya FN, injini bado inaweza kufufuka, lakini gidoni imevunjika. Atapata nyingine wapi? Utasema hilo ni swali la garaji. Kumbe ukilifuata, linakupeleka mbali sana.

Kwetu ukitaja FN, mtu anafikiria bunduki. Hajakosea. Fabrique Nationale iliundwa mwaka 1889 kule Herstal, karibu na Liège, ili itengeneze bunduki za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Pikipiki zilianza 1901. Mwaka 1905 ikatoka ile ya silinda nne, kazi ya Paul Kelecom. Haikuwa na mnyororo. Nguvu ilipita kwenye shafti mpaka gurudumu la nyuma. Palepale Herstal walikuwepo pia Saroléa na Gillet. Mji ule mdogo, viwanda vitatu vya pikipiki! Vyuma vya Ubelgiji vilifika Kongo kwa meli mpaka Matadi, na kwa sisi wa mashariki, kwa Dar es Salaam, treni mpaka Kigoma, kisha ziwa. Gidoni ya babu ilipita safari ya namna hiyo, na kila piesi ya kubadilisha ilipaswa kupita humo humo.

Sasa angalia gidoni yenyewe. Motari wa leo anazungusha mkono wa kulia, gesi inaingia, basi. Kwenye pikipiki nyingi za miaka ya 1920 ulikuwa na maneti ndogo ya gesi, nyingine ya hewa, nyingine ya kuwahisha au kuchelewesha moto wa buji, na mara nyingine ya kupunguza mgandamizo ili injini ikubali kuwaka. Maneti za breki na ambriyaji kwa nyingine zilifungwa kwenye ncha za gidoni, zikielekea ndani, kinyume na za leo. Mtu aliyeiendesha kwenye njia ya udongo alikuwa anafanya kazi kama mpiga gitaa! Ndiyo maana mimi sikubali mtu akiweka gidoni ya TVS halafu anasema pikipiki imerudi kama zamani. Amefuta ukurasa mzima.

Tena haiingii vizuri siku zote. Bomba la gidoni nyingi za leo lina milimita 22 hivi kwa unene. Za zamani zingine zinafika 25,4, yaani inchi moja kamili, na ukifunga bomba nyembamba kwenye kibano kikubwa, itazunguka mkononi siku unapokamata breki kwa nguvu. Kuna wanaokata bomba la maji la nusu inchi. Kwa macho linafanana, lakini unene wake wa nje ni milimita 21,3. Ile kasoro ndogo inaweza kukuangusha.

Kwa nini basi piesi haipatikani? Kamba ilikatika mara mbili. Kwanza kule kule: mwaka 1963 Honda ilikuwa tayari inatengeneza pikipiki ndogo Aalst, ndani ya Ubelgiji, na kufika mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vyote vitatu vya Herstal vilikuwa vimeachana na pikipiki. Halafu huku kwetu: tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza maduka na makampuni ya wageni yapewe Wazaire. Wengi waliopewa hawakuwa na mkopo wala mawasiliano na wauzaji wa nje. Rafu zikabaki tupu, si za pikipiki tu. Hapo ndipo Article 15, jitafutie mwenyewe, ikawa shule ya mafundi.

Na fundi anaweza. Anachukua bomba la chuma lisilo na mshono, anajaza mchanga, anaziba ncha mbili, anachoma mpaka chuma kinakuwa chekundu, anapinda polepole. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa, juu maji yaliyofungiwa ndani yanageuka mvuke na ile kitu inaweza kupasuka usoni mwa mtu. Lakini apinde kufuata nini? Upana, urefu wa kupanda, namna inavyorudi nyuma kwa mwendeshaji: vipimo hivyo viko kwenye gidoni iliyovunjika, ile ambayo jamaa wa nyumbani tayari wameiuza kwa muuza vyuma.